Jozi Kumi na Tisa

Programu yangu ilikuwa bado inahesabu
umeme wa Ipuli ulipokatika.
Namba laki mbili, na mimi kwa ujuha wangu
nimeiambia kompyuta: shika ya kwanza,
iulize kila iliyobaki, moja moja,
kisha shika ya pili, anza tena.
Salamu bilioni ishirini.
Hata msibani hatusalimiani hivyo.

Nikatoka na tochi ya simu hadi stoo ya mama.
Asali ya Sikonge imeingia, ndoo nane,
zimeachwa zilivyoshuka garini,
kila moja na uzito wake kwa chaki ubavuni.
Na baiskeli ya Mihambo imeegemea ukuta,
keria yake imeshasema neno lake:
kilo arobaini. Ikizidi, nalala.

"Mama, jozi ngapi zinapandika hapa?"

Nyanzala binti Kapela hakujibu.
Alikaza khanga kiunoni akaanza kusukuma,
nyepesi mlangoni, nzito ukutani,
sakafu inakwaruza, nyuki mmoja mfu
anaburutwa chini ya kitako cha ndoo,
mpaka zikasimama kama ndugu kwenye picha ya kipaimara:
tisa, kumi na mbili, kumi na nne,
kumi na saba, kumi na tisa,
ishirini na mbili, ishirini na tano,
na ishirini na nane, iliyojaa hadi mfuniko unalia.

"Sasa uliza," akasema.

Nikashika kumi na nne.
Nafasi iliyobaki ni ishirini na sita.
Mbele yake ziko tano. Sikuanza na ya kwanza,
niligusa ya katikati: ishirini na mbili. Inaingia.
Basi za huku nyuma zinaingia zote, ziache zilale.
Ishirini na tano: inaingia.
Ishirini na nane: haiingii.
Nne.
Nimegusa tatu, nimejua tano.
Na laki mbili je? Kata nusu, kata nusu ya nusu,
mara kumi na nane tu umefika,
na mimi nilikuwa nabisha hodi kila mlango wa mji.

Kumi na tisa ilitaka kunilaghai.
Ijumlishe na nafsi yake: thelathini na nane, inatosha!
Mama akacheka gizani.
"Ndoo haipakiwi na kivuli chake.
Na usigeuke nyuma. Urambo kuja Tabora,
Tabora kwenda Urambo, reli ni ileile,
wewe utailipia mara mbili?"
Nikatazama mbele, kwa jirani, ishirini na mbili.
Kilo moja. Wamekosana kwa kilo moja.

Saba, sita, nne, mbili, halafu sifuri hadi ukutani.
Kumi na tisa.
Nikaiandika kiganjani kabla simu haijazima.

Alfajiri, kabla ya treni, Mihambo alipakia.
Hakuuliza hesabu yangu. Nzito kwa nyepesi:
ishirini na nane na kumi na mbili, rimu ikaguna;
ishirini na tano na kumi na nne;
ishirini na mbili na kumi na saba;
mwisho kumi na tisa na tisa, akipiga mluzi.
Safari nne, stoo tupu.

Umeme ulirudi saa tatu. Jibu likakubaliwa.
Mimi nilikuwa bado nimekaa sakafuni,
penye alama nane za duara zinazonata,
nikiziwaza zile jozi kumi na tano
ambazo zingewezana kabisa,
na hazikupanda pamoja.