Ukurasa wa Sitini na Moja

Dola thelathini na saba, kwa saa ishirini na nne.
Ndivyo simu ilivyonijibu
nilipoomba kusoma habari za mashamba ya mkonge
yaliyo kilomita kumi na tisa kutoka kitandani kwangu.
Nikapiga hesabu kwa shilingi, nikarudia,
nikailaza simu kifudifudi isiendelee kunitazama.

Natafuta jambo dogo tu:
manamba wa kambi ya nne walikunywa maji gani,
na nani aliandika habari za matumbo yao.
Babu yangu alikuwamo. Au hakuwamo.
Nyumbani husema hivi, kisha husema vile.
Dakta Kihiyo, msimamizi wangu, hasemi.
Huandika pembeni, wino mwekundu, neno moja:
Chanzo?
Na alama ya kuuliza imepinda kama ndoana.

Maktaba ya mjini, Chande akanifungulia chumba cha nyuma.
Kadi zipo, zimepigwa taipu kwa adabu,
herufi kwa herufi, droo kwa droo.
Vitabu ndivyo visivyokuwapo.
“Hiyo taarifa unayoitaka iliazimwa,” akasema,
“mwaka sabini na nane. Tunamsubiri.”
Hakucheka.
Nikaendesha baiskeli hadi Ngamiani na njaa yangu.

Barabara ya kumi na mbili, kwa Bi Zahara,
karanga za chumvi, za mia mbili,
katika karatasi iliyokunjwa pembe.
Nilikula nusu. Nusu ya pili ilimwagika,
kwa sababu chini ya doa la mafuta
palikuwa na namba 61, na jedwali:
Kambi Na. 4. Watu: 312. Kisima: kimoja.
Walioharisha mwezi wa Machi:
na hapo karatasi ilikuwa imechanwa.

“Makaratasi haya umeyapata wapi, Bi Zahara?”
“Nanunua kwa kilo, Chumbageni, kwa wajukuu wa karani mmoja.
Mazuri haya. Mazito. Hayavujishi chumvi.”
(Sijapata kusikia jarida likisifiwa vizuri zaidi.)
“Na mengine?”
“Mengine! Ya mwanzo yaliisha Ramadhani.
Ya katikati yalikwenda Mkwakwani, siku ya mechi.”
Nikawaona mashabiki, wamefungwa mbili bila,
wakifuta vidole kwa sura ya tatu,
ile ya lishe na mishahara.

Nikanunua yaliyobaki. Kilo moja na robo,
elfu mbili, na karanga za nyongeza.
Hakuniuliza nasoma chuo gani,
wala hakunipa saa ishirini na nne.

Usiku umeme ulikatika.
Nilizinyoosha kurasa kwa kiganja, moja moja,
kwa mwanga wa tochi ya simu ile ile,
chumvi ikinibaki kwenye mistari ya mkono.
Sitini na tano. Sabini. Themanini na nne, nusu.
Na kwenye sitini na mbili, pembeni kabisa,
pale ambapo Dakta huweka wino wake,
penseli, mwandiko wa mtu aliyefundishwa kwa fimbo:
Si kweli. Visima vilikuwa viwili.
Cha pili kilikuwa na kufuli.
Nimekiona mwenyewe.

Nilikaa nayo hadi muadhini wa alfajiri.
Sikulia; usidhani nililia.
Nilikuwa nawaza kanuni za marejeo:
jina la ukoo kwanza, kisha mwaka, kisha mchapishaji.
Mchapishaji ni nani, karani au Bi Zahara?
Na kufuli, kufuli naliweka ukurasa wa ngapi?

Asubuhi nikaandika, mwisho wa orodha:
Karani. Jina halijulikani. Penseli, pembeni.
Nikaisoma.
Nikafuta halijulikani.
Baiskeli ina pancha, lakini Chumbageni si mbali,
na wajukuu wake, kwa saa hizi, watakuwa wameamka.