Baiskeli Tupu

Jumamosi, Chanika bado inapiga mswaki.
Nimejaza upepo tairi la nyuma, lile lenye viraka vitatu,
nimefunga chupa ya maji, pampu, chapati mbili kwenye gazeti,
na lami nimeiacha ijiendee zake.

Hapa njia ni vumbi jekundu lililolala chali.
Spoku zinanong'ona. Mnyororo unasema kilekile,
kilekile, kilekile, hadi nimeacha kuusikiliza.
Mikorosho imeangusha mabibo njiani,
gurudumu linayapasua, na harufu yake ya kulewesha
inanifuata mteremko mzima wa kwenda Mvuti
kama mtu anayenidai.

Kwale anakatiza kwa haraka ya mwenye kesi.
Mtoto mwenye kidumu anapaza sauti, "Bibi baiskeli!"
Ndiyo mimi: karani wa stoo, miaka hamsini na mbili,
nimeinuka juu ya tandiko kuukabili mlima
huku magoti yakijadiliana habari za pensheni.

Mpakani pana boriti ya nyekundu na nyeupe,
imefungiwa jiwe upande mmoja.
Ngwilizi, askari wa misitu, alitoka kibandani na kikombe cha uji.
"Umebeba nini?"
"Maji. Pampu. Chapati."
Akaizunguka keria, akaitazama kama mfuko uliotoboka.
"Unakwenda wapi?"
"Mbele, halafu nitarudi."
"Kuna msiba?"
"Hakuna."
"Sasa unakwenda kufanya nini?"
Neno kutalii lilinibana mdomoni
kama kiatu cha mtoto wa jirani.
"Natembea tu."
Akaandika daftarini, nami nikachungulia:
mama mmoja, baiskeli tupu.

Hatua ishirini mbele, kwenye jiwe la mpaka, nilisimama makusudi:
gurudumu la mbele Pwani, la nyuma Dar es Salaam.
Mhogo huku, mhogo kule.
Siafu wanavuka bila kuulizwa kibali.
Nikataka kujipongeza,
mnyororo ukachomoka.

Mwarami alisikika kabla ya kuonekana:
kifua, kisha tairi, kisha kifua.
Magunia matatu ya mkaa, kamba za mpira,
naye ubavuni akisukuma
kama anayemsindikiza ng'ombe mgonjwa.
Aliponiona nimechuchumaa alitoa gongo lenye panda,
akauegemeza mzigo, akasimama.

Najua maana ya kusimama.
Marehemu baba aliingia mjini kwa njia hizi hizi,
na ada yangu ya shule ilikuwa nyeusi, noti kwa noti.
Kusimama ni rahisi, alikuwa akisema,
kuondoka ndiko kunakovunja mgongo.

Mwarami akaunasa mnyororo kwa kijiti cha mhogo,
akazungusha pedeli mara moja, basi.
"Nikupe nini, mwanangu?"
"Nisukumie tu, mama. Kilima hiki hatuelewani."

Nikailaza baiskeli yangu pale pale, nusu huku, nusu kule,
nikaweka viganja kwenye gunia la nyuma.
Lilikuwa na joto bado. Au jua, sijui.
Tulipanda hatujasema neno,
maana pumzi ilikuwa na kazi nyingine.
Ngwilizi alisoma kibali cha Mwarami,
akasoma mikono yangu,
akafungua daftari,
akalifunga bila kuandika.

Nilimpa Mwarami chapati moja. Akaila akitembea.

Usukani wangu sasa una vidole kumi vyeusi.
Ile ya pili niliila kwa mikono hiyohiyo,
nimekaa juu ya jiwe la mpaka, miguu ikining'inia mikoa miwili,
ikawa na ladha ya nyumbani kwetu, mwezi wa kwanza,
shule zinapofunguliwa.

Nilipoinuka,
tairi la nyuma lilikuwa limepungua upepo.