Kisanduku cha Fomu

Saa saba usiku simu ya wodi inaniita,
si kwa sindano, kwa ulimi.
"Sista Rayya, wewe Mswahili, shuka chini,
kuna mmoja hapa haelewi tunachomuuliza."

Kuitwa Mswahili nimeshazoea.
Nimezaliwa hapahapa Saham,
pasi yangu ina jambia na panga mbili,
ila mama alinifundisha kuhesabu kwa Kiswahili
na hesabu haihami kichwani.

Kitanda cha nne. Tatu Semboja, wa Handeni,
miaka ishirini na mitatu, mguu umevunjika mara mbili.
Nywele zimejaa majani ya mbuzi:
walilazwa chini ya majani, yeye na wanaume watano,
kwenye pikapu isiyo na namba nyuma.
Dereva aliona taa za buluu pale mzunguko wa barabara,
akazima zake,
akachepuka, akaingia barabara kuu upande usio wake.
Upande ule walikuwa wanakuja mtu na mwanawe
kutoka Sohar, kununua viatu vya mpira.

Viatu vimo bado kwenye boksi.
Nimeviona mapokezi, juu ya kiti,
kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina.

Ami yake mtoto amesimama koridoni, kilemba kimelegea.
"Na huyu mnamtibu? Kila siku tunasema.
Wamejaa mashambani, wamejaa mabondeni,
hawana leseni, hawana bima, hawana hata majina.
Nani anawaleta? Nani anawalaza?"
Hakuna aliyemjibu.
Mji wetu ni mdogo; tunajua pikapu ni ya nani,
tunajua nani anawachumisha ndimu kwa riali tatu kutwa,
na mimi ndimu hizo nimezikamulia samaki juzi.

Sajini Hilal al-Maqbali ana fomu na kalamu isiyoandika vizuri.
Si mtu mbaya. Amemwagikiwa na damu kwenye mkono wa shati,
na sijui ni ya nani, na nadhani naye hajui.
"Muulize, amemkimbia mdhamini wake?"
Kwa Kiarabu neno ni moja, limepigwa chapa,
lina kisanduku chake.

Kiswahili kinanipa mawili, na yote yana meno.
Mtoro. Hilo bibi alilitamka kwa kunong'ona:
watoro walikimbia mashamba ya mikarafuu,
na mashamba, nilijua nikiwa mtu mzima, yalikuwa yetu.
Mkimbizi. Hilo alijiita mwenyewe,
mwaka alioshuka hapa na sanduku moja, watoto watatu,
na cheti cha kuzaliwa cha marehemu dada yake.
Hakuna sajini aliyemuuliza.
Au alimuuliza, na mkalimani alikuwa mjanja.

Basi nikayaacha yote mawili, nikasema,
"Mdogo wangu, ulitokaje kwa tajiri wako?"

Akaangalia dripu. "Sikutoroka, dada.
Nilitoka kutupa takataka usiku,
nikafika kwenye pipa,
nikaendelea kutembea."

Nilimtafsiria sajini hivyo hivyo, pipa na yote.
Alisikiliza mpaka mwisho. Akatafuta kwenye fomu
mahali pa mtu aliyeendelea kutembea,
akageuza karatasi, akairudisha,
kisha akatia alama palepale pa siku zote,
akikandamiza, maana wino ulikuwa unakataa.

Nje ami alikuwa amechutama ukutani,
boksi la viatu mapajani, kifuniko amekishika
kwa mikono miwili kama kwamba kuna upepo.

Nilikuwa nishaufikia mlango.
"Dada," akaniita Tatu. "Ile gari nyingine.
Walikuwa wangapi?"
"Wawili."
"Wamebaki wangapi?"

Nilihesabu kwa Kiswahili.
Haikuchukua muda.