Hatua Moja kwa Mita Kumi

Daktari Noemí Cochachin alinipa karatasi,
juu yake mstari mmoja unateremka
kama mbuzi aliyeona maji bondeni.
"Upige huu," akasema. "Hapa chini ni miaka."

Mimi ni Abilio. Filimbi mkono wa kushoto,
ngoma mkono wa kulia, mtu mmoja kazi ya wawili.
Nimepiga harusi, nimepiga mazishi, nimepiga
sikukuu ya mtakatifu ambaye jina lake nimelisahau.
Mstari sijawahi kuupiga.

Nikamwuliza: unaanzia sauti gani?
Akacheka, midomo imepasuka kwa baridi ya kule juu,
akatoa daftari lililolowa, likakauka, likalowa tena,
akanisomea: kigingi cha tatu, mwezi wa nne,
imetoka mita moja na robo tatu.
Kigingi cha tano kimelala matopeni,
hakina tena cha kukishikilia.
Basi nikajua. Kigingi cha tano ni kimya.

Mazoezi tulifanyia bwalo la shule, Huaraz,
penye harufu ya chaki na supu.
Ximena, mwongozaji aliyetoka Lima,
alileta jora la kitambaa cha buluu. "Barafu ndiyo hii."
Delfina Chinchay, muuza viazi,
mchezaji tangu ana meno ya utoto,
akakishika kwa vidole viwili, akakirudisha.
"Barafu yetu imekuwa ya kijivu, mwanangu. Kama mbwa mzee."

Kanuni aliiweka daktari:
mita kumi, hatua moja, kinyumenyume.
Wachezaji kumi na wawili, njuga za maganda ya mbegu
toka kifundoni hadi gotini.

Rudi nyuma, rudi tena,
njuga zalia, zanena,
mwaka huu, mwaka jana,
wala hatujapumua.

Uso watazama kule
kileleni, kama vile
mtu aagaye yule
aliyekwisha potea.

Kwenye mwaka wa tisini na nane
mgongo wa Delfina ukagusa ukuta.
Karatasi yangu ilikuwa bado na shibiri nzima.
Ximena akapiga makofi: "Tubadilishe kipimo.
Hatua moja iwe mita ishirini, tutaenea."
Daktari hakupaza sauti.
"Kule juu hakuna aliyebadilisha kipimo."

Tukakaa kama kigingi cha tano.
Kisha Yover, mdogo kuliko wote, miaka kumi na mmoja,
akaenda akafungua mlango wa nyuma.

Usiku wa onyesho watu walikaa vitini hadi tisini na nane.
Wachezaji walipotoka kinyumenyume
wengine walidhani yamekwisha, wakashangilia.
Lakini njuga zilikuwa bado zinasikika uani,
karibu na bomba. Meya ndiye aliyenyanyuka kwanza, au mkewe,
sikuona vizuri, filimbi humfumba mtu macho.
Tukashuka nao: tukapita bomba, tukapita
kibanda cha fundi viatu, tukavuka barabara,
dereva mmoja akapiga honi kwa kufuata ngoma yangu,
na watoto wakawa wanahesabu miaka kwa sauti.
Walipoufikia mwaka wao wa kuzaliwa wakaruka kwa furaha,
kisha wakanyamaza, maana hatua hazikupungua.

Mstari uliishia kwenye daraja.
Chini yetu mto ulikuwa umefura, wa kahawia, una haraka.
"Mbona maji yapo tele!" akasema bwana mmoja, uso umemkunjuka.
"Yapo," daktari akamjibu. "Yanapita."

Nikaondoa filimbi mdomoni. Upande wa kulia wa karatasi
palibaki upana wa vidole viwili, peupe.
Delfina alikuwa ameegemea ukingo wa daraja,
mguu mmoja juu, njuga hazijatulia.
"Abilio," akasema, "huu wa mwakani
niuweke wapi?"