Pini ya Kuamshia

Haizidi ukucha wa kidole cha mwisho.
Niliinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwa Chande,
aliyeichomoa kwa kibanio kama mtu anayetoa mwiba,
akasema: "Hii inalala, dada. Inalala kweli kweli.
Betri moja, miaka mitatu."

Nikaifunga ndani ya kopo la rangi, kwenye nguzo ya daraja, Kigogo,
siku Msimbazi ulipokuwa uzi tu wa maji meusi
na mifuko ya plastiki imekaukia kwenye matete.
Nikaifundisha kulala.
Zima saa kubwa, ile inayopiga mara milioni kumi na sita kwa sekunde.
Bakiza saa ndogo, inayodondoka kama bomba bovu la jikoni.
Ziba masikio yote isipokuwa moja:
waya mwembamba ulioshuka mpaka kwenye boya.
Boya likipanda, waya uguse waya,
na hapo, hata iwe saa tisa usiku, amka.

Kuamka kwenyewe si swichi, kama watu wanavyodhani.
Kwanza fuwele hutetemeka, haijashika mwendo,
nawe usubiri; humuulizi hesabu mtu anayepapasa kandambili.
Halafu kumbukumbu: usingizi mzito umeifuta,
zimebaki baiti chache pembeni,
namba ya simu iliyoandikwa kiganjani.
Haijui ni lini. Haijui iko wapi.
Hutazama bendera ndogo iliyoinuliwa ndani mwake
ijue nani kaiamsha: ni saa, au ni maji?
Ikishaisoma, lazima iishushe.

Mimi sikuandika mstari wa kuishusha.

Mstari mmoja.
Paka aliligusa boya, au upepo, sijui.
Bendera ikapanda, ikabaki juu,
na chipu yangu ikalala ikaamka, ikalala ikaamka,
kila mara imeitwa, kila mara hakuna mtu,
siku nne, usiku na mchana,
mpaka betri ikaisha, ukaja usingizi ule mwingine.

Mvua ikaja usiku wa Jumatano.
Simu hamsini na mbili za Kigogo, zote nilizoziorodhesha,
zilikaa kimya chini ya mito, zina chaji.

Aliyeamka ni Bi Sikudhani,
yule aliyekataa kuandikwa kwenye orodha yangu.
Msimu wa masika hulala ukingoni mwa kitanda,
mkono umening'inia, vidole vinagusa sakafu.
Hasikii kigodoro, hasikii bajaji,
hasikii jenereta ya baa iliyopakana na ukuta wake.
Maji yakamgusa ncha ya kidole cha kati.
Alipiga sufuria kwa mwiko, nyumba hadi nyumba,
mpaka watoto wote wakawa juu, barabarani, ndani ya kanga zilizolowa.

Asubuhi nilikwenda kwake na kopo langu kwapani.
Tope lilikuwa limechora mstari kwenye kabati lake la vyombo.
"Hicho ndicho kilicholala?"
Nikasema hapana, Bibi. Hiki hakikupata kulala.
Nikamweleza ile bendera, nikitegemea atacheka.
Hakucheka. Aliendelea kukamua godoro.
"Mwaka maji yalipomchukua Mkumbukwa wangu
niliamka hivyo hivyo. Kila bati lilipolia, ni yeye.
Nilikuwa karibu kufa, sikufa kwa maji."
Sikumuuliza alijishusha vipi.
Alinipa ncha nyingine ya godoro, nikakamua.

Leo mstari upo. Nimeuandika, nimeusoma mara tatu kwa sauti.
Nimemwagia boya kikombe cha maji hapa mezani:
taa ikawaka, ikatuma, ikashusha, ikazima.
Mita inasoma mikroampea mbili.
Kesho nairudisha darajani.

Ninakaa ghorofa ya tatu, Mabibo.
Mto haujawahi kufika hapa, wala hautafika.
Nimezima taa, nimejisogeza ukingoni,
na mkono wangu, sijui tangu lini,
umening'inia.