Mwinyi Maandazi Keshapenda

Mama hakijui Kijerumani wala Kiingereza,
ila saa tatu na nusu usiku, cherehani ikishafunikwa,
hakuna filamu ya Ulaya inayompiga chenga.
Mwanamke akishuka tu kwenye teksi na sanduku jekundu,
mji una mto, mto una madaraja saba,
kila daraja na taa zake kama bibi harusi wa juzi,
mama hunigusa goti: "Huyo. Atagongana na mtu sasa hivi."
Na hugongana. Kahawa humwagika.
Kahawa ya watu hawa haijapata kunyweka ikaisha.

Tunakaa ghorofa ya nne, Michenzani,
kwenye majumba marefu aliyotuchorea Mjerumani
akasahau kwamba maji hayapandi ngazi yenyewe.
Madumu sita nimepandisha leo.
La sita nimelitua ghorofa ya pili
nikawasalimu watu nisiokuwa na haja ya kuwasalimu,
ili nipumue.
Ndani ya televisheni hakuna anayebeba kizito kuliko shada la maua.

Mama kawabatiza wote.
Muoka keki, ndevu za siku tatu, unga kwenye nyusi,
ni Mwinyi Maandazi.
Mchumba aliyeachwa kwao, suti, nywele za mafuta,
ni Bwana Simu.
Rafiki wa kike, kazi yake kucheka na kutoa shauri,
ni Shoga wa Bure: "Hana kwao, hana mume, hana hata mafua."
Majina hayabadiliki. Miji ndiyo hubadilika,
jana mifereji, leo milima, kesho mnara wa saa.
"Na posa?" huuliza. "Nani kapeleka? Ukoo wake upi?
Hata chetezo hakikuwashwa!"
Ikifika pale pa midomo huvuta kanga usoni,
kanga kuukuu, inayoonesha.

Niliwahi kumkera. Nilisema, mama,
hizi zote ni moja, wanafumua na kushona upya,
unajua mwisho kabla ya mwanzo, raha iko wapi?
Hakuniangalia. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano.
"Nisichokijua ninacho tele, mwanangu.
Niache nikae saa moja na ninachokijua."

Sikujibu. Baba alikwenda Maskati nikiwa na meno mawili.
Barua tatu, redio moja, kisha kimya.

Juzi, Shangani, nikitoka kazini,
wazungu wawili, bibi kavaa gauni la kupeperuka,
walikuwa wakipigwa picha mbele ya mlango wa nakshi.
Mpiga picha akanipungia mkono nisogee,
mimi na mfuko wangu wa muhogo na bilingani.
Nikasogea. Nikawaza: kumbe na sisi tuna zamu,
kuna sebule fulani, nje baridi,
ajuza mmoja anautazama uchochoro wetu
na kusema kwa lugha yake, sasa hivi watagongana.

Leo, dakika ya themanini na nne,
Mwinyi Maandazi anakimbilia stesheni,
theluji inadondoka kama sufi ya mto uliochanika,
na tukuza ikalia mara mbili, ikazima.
Kiza. Feni ikazunguka kwa mazoea, ikasimama.
Mama hakusogea. Akaimalizia mwenyewe:
"Treni inaondoka. Keshachelewa. Analia, masikini, na unga wake.
Behewa la mwisho linapita,
na yule mwanamke kasimama ng'ambo ya pili na sanduku.
Hakupanda."
"Na Bwana Simu?" nikamuuliza.
Alinyamaza kiasi cha mtu kupanda ghorofa moja.
"Huyo hakuna anayemuulizia," alisema.
"Ila mimi."

Kisha nikasikia noti ikikunjuliwa gizani.
"Kanunue umeme wa elfu mbili.
Ya kesho naijua.
Lakini nataka kuiona."