Herufi Tatu

Neno lenyewe ni run. Herufi tatu,
fupi kama kikohozi.
Shuleni nilifunzwa kuwa ni kukimbia,
na kukimbia, nijuavyo mimi, kunataka miguu.

Kisha nikapanga chumba cha juu kwa Verna Hlavaty,
Pennsylvania, mji ambao kiwanda chake cha soksi
siku hizi ni maegesho ya magari,
nikaona visivyo na miguu vikitimua mbio.

Pua ya mjukuu inakimbia.
Bomba la jikoni linakimbia: lifunge, maji ni pesa!
Kijito nyuma ya nyumba ndiyo kabisa,
Mbio ni jina lake la ubatizo,
na Januari, kimeganda, kuku wanavuka juu yake,
bado kinaitwa Mbio.

Mumewe, Emmett, kakaa ndani ya gari bovu uani.
“Sikia inavyokimbia,” ananiambia,
na injini inanguruma,
na gari halijasogea tangu Pasaka.

Nikaambiwa Verna alikimbia zamu ya usiku
miaka kumi na tisa, mashine arobaini.
Kwetu aliyeikimbia zamu ni mtoro.
Nilimwonea haya wiki nzima
kabla sijajua kwamba alikuwa msimamizi.

Na kaka yake, Lubomir, aliukimbia umeya mara tatu.
Nikadhani walimbembeleza akakataa.
Kumbe aliutaka, aliutaka hadi akauza mashua yake,
akapata kura mia na sita,
mara ya mwisho themanini.

Ipo pia mbio ya benki, ya ujana wao:
watu wamepanga foleni toka alfajiri,
vitabu vya akiba vifuani,
hakuna anayeinua unyayo.
Hiyo nayo wanaiita mbio.
Sikuuliza zaidi.

“Moyo mbovu unakimbia kwetu,” alisema Verna,
akimenya viazi, bila kuinua macho.
Baba. Kisha Anton.
Nilikwisha jifunza kutotazama miguu.

Lubomir tulimzika Jumanne.
Asubuhi hiyo Verna alivaa soksi ndefu nyeusi,
na pale mlangoni, kishikizo cha kabati kikamkwaruza:
uzi ukaachia gotini, ukapanda, ukapanda,
mstari mweupe wa ngozi ukielekea pajani.
“Run,” alisema. Hakukasirika.
Alilitamka kama mtu anayemtaja jirani.

Akaomba rangi ya kucha ya mjukuu,
ile ya waridi, yenye vimetameta.
Akaketi. Akadondosha tone moja
pale uzi ulipofikia,
akainama na umri wake wote, akapuliza.

Nje gari la kukodi lilikuwa likitungoja,
likikimbia, limesimama.
Hakuna aliyemharakisha.

“Basi,” alisema, akigusa tone kwa kidole,
“hii haiendi tena.”

Tukatoka, polepole, kwa sababu ya barafu.